Kitovu Hakihesabiwi

Vestine Niyibizi alikuwa na miaka arobaini na mmoja siku mwalimu alipomwambia arudi darasa la kujumlisha na kutoa. Alimwambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomchoma. Kufokewa alikuzoea. Alifokewa na wenye bunduki kwenye vizuizi vya Masisi huko Kongo, akafokewa na wagawa posho kambini, na siku hizi, katika makao ya wazee alikofanya kazi, alifokewa kila asubuhi na bibi mmoja wa miaka tisini na mbili asiyetaka kuoshwa miguu. Mtu akikufokea unajua pa kumshika. Lakini Mwalimu Muriuki, kijana wa Kikenya mwenye miwani, aliinamisha kichwa upande mmoja kama mtu aliyeleta habari za msiba, akamsogezea fomu mezani.

"Mama Héritière," alisema, akimwita kwa jina la binti yake wa kwanza, "si vibaya kurudi nyuma kidogo. Huku kwa aljebra naona umepotea."

Hebu tulitazame neno hilo, kupotea. Huyu ni mwanamke aliyetembea siku kumi na moja na mtoto mgongoni, bila ramani, akavuka kuingia Uganda na mtoto akiwa hai. Ni mwanamke aliyeshuka ndegeni Minneapolis mwezi wa Februari na viatu vya wazi, na baada ya wiki tatu alikuwa anapanda basi namba ishirini na moja peke yake na kuwaelekeza wengine. Leo ndiye anaambiwa amepotea, tena na mtu aliyekuja Amerika kwa viza ya masomo na sanduku la magurudumu. Mtu ana haki ya kukasirika, na Vestine alikasirika.

Aliitazama fomu. Ilikuwa ya kuhamishwa darasa. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa, tena kwa kalamu ya wino, kana kwamba jambo limekwisha. Chini yake palikuwa na mstari wa kiwango cha kuanzia, yaani mwanafunzi anaingia darasa jipya akiwa na kiasi gani kichwani. Kituo kile cha elimu ya watu wazima kilipima watu kutoka sifuri mpaka sita. Muriuki alikuwa amemwandikia sifuri.

"Hii sifuri ni yangu?" Vestine aliuliza.

"Ni ya kuanzia tu, mama. Wote wanaorudi kwa basic tunawaandikia hivyo."

"Bon, sawa," alisema Vestine. Hakuisaini. Aliikunja mara mbili, akaitia mkobani pamoja na karatasi ya mtihani.

"Jumamosi ijayo saa sita mchana napeleka majina ofisini," Muriuki alimkumbusha. "Ikifika hapo bila sahihi yako, nitaipeleka hivyo hivyo."

Sasa mtu atauliza, kwa nini roho imuume hivyo kwa fomu moja? Ni kwa sababu Vestine alizijua fomu. Alisoma sekondari mpaka mwaka wa pili, na alikuwa wa tatu darasani, hadi vita vya mwaka tisini na tatu vilipofunga shule. Hakuacha shule. Shule ndiyo iliyomwacha yeye, na ole wako umwambie vinginevyo. Miaka saba baadaye alifika kambi ya Nakivale, karani akamuuliza amesoma mpaka wapi. Alimjibu. Karani akataka cheti. Cheti kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba, kwa hiyo karani akaandika: hajasoma. Neno hilo likaanza safari yake kutoka faili hadi faili, likapanda ndege, na kila ofisi aliyoingia hapa Minnesota alilikuta limemtangulia na kukaa kwenye kiti.

Halafu kuna jambo la unesi. Kwa miaka minne Vestine alikuwa msaidizi wa wauguzi. Aliosha, aligeuza, alilisha. Kila alipoona ngozi ya mzee inaanza kuwa nyekundu mgongoni alikwenda kumwita nesi wa zamu, msichana wa miaka ishirini na minne, naye nesi akaandika kwenye kompyuta kana kwamba macho yaliyoona ni yake. Vestine alitaka kuandika mwenyewe. Hicho tu. Chuo cha unesi kilimtaka awe na diploma ya sekondari, diploma ya watu wazima ilimtaka apite aljebra, na aljebra ilikuwa mikononi mwa huyu Muriuki, mhandisi wa siku za wiki na mwalimu wa kujitolea wa Jumamosi. Akirudishwa chini leo, mwaka mzima umekwenda. Na mwanamke wa miaka arobaini na mmoja anayenyanyua watu wazima kwa mgongo wake hana miaka ya kutupa.

Alitoka nje. Ilikuwa Machi ya mwaka elfu mbili na kumi na sita, theluji ya zamani imekaa kando ya barabara ikiwa nyeusi kwa moshi. Aliingia kibanda cha basi, akabonyeza hita, akafungua karatasi ya mtihani ili ajue hasa alichokosea. Wengine wakifeli huchana karatasi. Vestine huisoma, kama mtu asomaye barua ya mtu aliyemtukana, neno kwa neno.

Maswali yalikuwa matatu, yote ya mifuatano, yaani namba zinazopanda au kushuka kwa hatua moja ileile. Kazi ilikuwa kuugeuza mfuatano kuwa mlinganyo wa mstari, ili usikae unahesabu moja moja mpaka ukazeeka. La kwanza: ukumbi una safu za viti, safu ya kwanza viti vinane, kila safu inayofuata inazidi kwa viti sita. Safu ya ishirini ina vingapi? Vestine aliandika sita mara ishirini, jumlisha nane, mia moja na ishirini na nane. Muriuki alitia mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa, akaandika pembeni: 122. La pili lilianza na kumi na tano, likapanda kwa nne, likaulizia namba ya kumi. Vestine alipata hamsini na tano. Jibu lilikuwa hamsini na moja. La tatu lilianza na tisini likishuka kwa tano, namba ya kumi na mbili. Yeye thelathini, mwalimu thelathini na tano.

Alitoa kalamu, akatoa namba kwa namba. La kwanza limepishana kwa sita. La pili kwa nne. La tatu kwa tano. Alikaa akizitazama. Kisha akatazama hatua za maswali yenyewe: sita, nne, tano. Mara zote tatu alikuwa amekosea kwa hatua moja kamili, tena upande uleule, wa mbele. Swali la kupanda alipanda hatua moja zaidi, na swali la kushuka alishuka hatua moja zaidi.

"Mjinga hakosei kwa nidhamu hivi," alisema kwa sauti. Kijana aliyekuwa kwenye kile kibanda na visikizio masikioni alisogea pembeni kidogo.

Nyumbani kwake, ghorofa ya tatu katika mtaa wa Phillips, Héritière alikuwa amejilaza kwenye kochi na simu. Alikuwa na miaka kumi na sita na aljebra hiyohiyo alikuwa ameshaimaliza shuleni. Vestine alimsomea swali la viti. Mtoto akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao watoto wa huku, bila kuinua macho: safu ya kwanza ni moja, mama, wewe umeifanya kuwa sifuri.

"Nani ametaja sifuri?" Vestine alimuuliza kwa Kiswahili. Leo kila mtu alikuwa na sifuri ya kumgawia.

Héritière akainua mabega, akaendelea na simu yake. Na hapo, kwa hasira ya kutafuta mahali pa kuweka mikono, Vestine alivuta kitambaa kilichokuwa mgongoni mwa kochi. Kama umewahi kuingia sebule ya Wakongomani huna haja ya kuelezwa: kitambaa cha kufuma mgongoni mwa kochi, kitambaa juu ya televisheni, kitambaa juu ya friji, na kama ukikaa sana mahali pamoja, na wewe utafunikwa. Hiki kilikuwa cha duara, cheupe, kazi ya mkono wake wa kambini. Alikiweka mapajani, akachukua pini, akaanza kuhesabu vitanzi kutoka katikati.

Katikati, kwenye kitovu, vilikuwa vinane. Mzunguko wa kwanza, kumi na vinne. Wa pili, ishirini. Kila mzunguko unaongeza sita, maana ukiongeza pungufu kitambaa kinajikunja kama kofia, na ukizidisha kinafanya mawimbi. Viti vya ule ukumbi vilikuwa mapajani mwake, nane na kupanda kwa sita, na mkono wake ulivijua kabla Muriuki hajavaa miwani.

Hapo ndipo alipomkumbuka Mama Générose.

Générose alikuwa mwanamke wa Rutshuru aliyefundisha kufuma mlangoni mwa nyumba yake ya udongo kule Nakivale. Alikuwa mkali kuliko pilipili kichaa. Kwake mwanafunzi hakuanza kitambaa mwenyewe. Générose alikufumia kitovu kwa mkono wake, vitanzi vinane vilivyofungwa duara, akakukabidhi kama mtu akupaye makaa ya kwenda kuwasha moto kwako. Kuanzia hapo ni wewe na kulabu yako. Baada ya siku mbili anakuuliza umefika mzunguko wa ngapi. Ole wako useme wa nne huku umekitia na kitovu ndani. Anakupiga kikofi cha mkono, anakurudisha kwenye hesabu.

"Kitovu hakihesabiwi," alikuwa akisema. "Hicho nilikupa mimi. Hesabu cha kwako."

Basi wanawake wote waliopita mlangoni kwa Générose walihesabu hivyo, na wakaja kuwafundisha wengine hivyo. Ukitaka kujua mzunguko wa ishirini utameza vitanzi vingapi, usije ukaishiwa uzi katikati ya kazi, unachukua sita mara ishirini, unajumlisha na vile vya Générose. Miaka kumi na moja kambini Vestine alipiga hesabu hiyo kichwani, huku anapika, huku ananyonyesha. Hakuna aliyemwambia ina jina. Na alipokutana na viti vya mtihani, safu ya kwanza aliiona ni kitovu, akaiacha bila namba, akaanza kuhesabu kutoka safu ya pili. Ndiyo maana kila mara alikuwa hatua moja mbele ya kitabu.

"Kwa hiyo ulikosea," Héritière alisema, safari hii kwa Kiswahili, pengine kwa sababu alimwona mama yake anatabasamu na ikamtia wasiwasi.

"Nilikosea viti," alijibu Vestine. "Hesabu sikukosea."

Lakini ilimuuma, tusidanganyane. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na swali lilisema wazi safu ya kwanza, si kitovu. Angalisoma polepole angaliliona. Alikubali kosa lake kwa shingo upande, akaliweka mahali pake, dogo kama lilivyo. Kosa moja haliachi mke, wala halimshushi mtu madarasa mawili.

Mumewe Janvier aliporudi kutoka kazini, ghala moja la mji wa Savage, akiwa bado na vumbi la maboksi kwenye kofia, alisikiliza habari yote amesimama, kisha akatoa ushauri wa mtu aliyechoka.

"Si urudi tu hiyo darasa ya chini? Utapanda tena polepole."

"Janvier," Vestine alimwambia, "nitajie mtu mmoja uliyemwona ameshushwa, halafu wakamkumbuka."

Janvier alifikiri. Yeye mwenyewe aliwekwa zamu ya maboksi kwa muda, na muda huo ulikuwa na mwaka wa tatu. Alivua kofia, akaenda kunawa.

Jumamosi iliyofuata Vestine alifika kituoni saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya somo. Muriuki alikuwa peke yake, anafuta ubao.

"Mama, umekuja na fomu?"

"Nimekuja nayo." Aliiweka mezani, bado haina sahihi, na juu yake akatandaza kitambaa. Kilifunika fomu na nusu ya meza.

Muriuki akacheka kidogo, kile kicheko cha adabu. "Ni kizuri sana. Lakini hii ni maths, mama, si mambo ya handicraft."

"Mwalimu, hebu kwanza usicheke." Alimwekea karatasi ya mtihani. "Hapa nilikosea kwa sita. Swali iko na hatua ya sita. Hapa kwa nne, hatua ni nne. Hapa kwa tano, hatua ni tano. Mtu aliyepotea anaanguka huku na huku. Mimi nilianguka mahali pamoja mara tatu. Uliona hiyo wakati unanitilia mkasi?"

Muriuki aliichukua karatasi. Aliisoma amesimama, kisha akavuta kiti akakaa. Hakuwa mtu mbaya, na tumpe haki yake: alikuwa mtu mwenye karatasi ishirini na mbili za kusahihisha kwenye treni ya asubuhi. Alisahihisha majibu. Njia hakuitazama.

"Hapana," alikiri. "Sikuona."

Basi Vestine akamwonyesha. Aliweka pini kwenye kitovu, akamwambia hivi ni vinane, hivi nilipewa na Mama Générose, mkono wangu haumo. Alisogeza pini: wa kwanza huu, kumi na nne. Wa pili, ishirini. Alimweleza jinsi unavyopiga hesabu ya uzi. Muriuki alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mkono wake ulivyotafuta chaki, na mwishowe aliinuka akachora grafu ubaoni, mhimili wa kulala wa safu na mhimili wa kusimama wa viti.

Alitia nukta za kitabu: moja na nane, mbili na kumi na nne, tatu na ishirini. Akatia za Vestine kwa chaki ya njano: sifuri na nane, moja na kumi na nne, mbili na ishirini. Akazipitishia rula. Ikatoka mistari miwili iliyonyooka, inakwenda bega kwa bega, haikutani.

"Mteremko ni mmoja," alisema taratibu. "Sita kwa sita. Wako umesogea tu hatua moja. Mlinganyo wa kitabu ni sita mara x, jumlisha mbili. Wako, jumlisha nane."

Vestine aliutazama mstari wa kitabu. Ulishuka mpaka ukagonga mhimili wa kusimama kwenye mbili. "Hiyo mbili ni ya nani?"

"Ya nani vipi?"

"Safu yenye viti viwili iko wapi? Mimi sijaiona. Nane ninaijua, nilipewa mkononi. Hiyo mbili umeitoa wapi?"

Muriuki alikuwa amefundisha somo hilo miaka sita na hakuna aliyewahi kumuuliza. "Ni pale mstari ungekuwa," alisema, "kama ungerudi nyuma hatua moja kabla ya safu ya kwanza. Safu yenyewe haipo. Tunarudi tu ili tuupate mwanzo wa mstari."

"Kwa hiyo kitabu kinarudi nyuma kutafuta kitovu ambacho hakipo, na mimi niliye nacho ndiye niliyepotea."

Hapo Muriuki alicheka kweli, na kicheko hiki hakikuwa cha adabu. Kisha akaandika ubaoni fomyula nyingine, ile ya mifuatano anayoijua kila mtoto wa shule: namba ya kwanza, jumlisha hatua mara n kutoa moja.

"Hii niliingiziwa kwa kiboko kule Nyeri," alisema. "N kutoa moja, n kutoa moja. Ukisahau ile moja unalala kifudifudi. Na hakuna siku niliuliza ile moja inatolewa kwa nini."

Vestine aliitazama fomyula kwa muda. Aliisoma kama alivyosoma mtihani wake kibandani, neno kwa neno.

"Inatolewa kwa sababu kitovu hakihesabiwi," alisema. "Ukifika safu ya ishirini umepiga hatua kumi na tisa. Ile ya kwanza uliikuta."

Mwalimu wa watu alikaa chini. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akautazama ubao kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeuandika. Nje wanafunzi wawili walikuwa wanakung'uta theluji kwenye viatu.

"Sikia, mama," alisema. "Nitakupa nusu ya alama kwa kila swali. Mimi nimeelewa ulivyofanya. Itakutosha kubaki."

Hapa mtu mwingine angeshukuru. Alama zimekuja zenyewe, zimepiga hodi, unazifungulia mlango. Lakini Vestine alikuwa ameshakula nusu nyingi katika maisha yake, na nusu ya huruma aliijua ladha yake.

"Sitaki nusu," alisema. "Viti nilihesabu vibaya, hiyo kosa ni yangu na ninaibeba. Nipe mtihani mwingine. Na usiupunguze."

"Sasa hivi?"

"Ofisi si inafunga majina saa sita?"

Muriuki alitazama saa, akatazama mlango, ambapo darasa lilikuwa limeanza kuingia na kuvua makoti. Akaanza kutafuta karatasi nyeupe kwenye droo. Vestine alimwambia asihangaike. Alikinyanyua kitambaa, akaichukua ile fomu ya kuhamishwa, akaigeuza, akailaza kifudifudi juu ya meza ya mbele. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu.

"Karatasi ninayo," alisema.

Aliandikiwa maswali matano ubaoni, mbele ya darasa zima. Manne ya kwanza aliyamaliza bila kuinua kichwa. Kila swali alianza kwa kuandika pembeni, kwa herufi ndogo, kitovu ni kipi na hatua ya kwanza ni ipi, ndipo akapiga hesabu. La tano lilikuwa la ukumbi uleule wa viti, na Muriuki, ambaye alikuwa ameombwa asipunguze, hakupunguza. Aliuliza ni safu ipi yenye viti mia moja kamili.

Vestine aliandika mlinganyo. Sita mara x, jumlisha mbili, ni mia moja. Sita mara x ni tisini na nane. Akagawa, akapata kumi na sita na theluthi moja. Kalamu ikasimama.

Jasho lilimtoka chini ya kitambaa cha kichwani. Alirudia kugawa. Ikawa theluthi ileile. Alihisi darasa linamtazama mgongoni, alihisi lile neno la karani wa Nakivale linavuta kiti likae. Akiandika kumi na sita amekosea. Akiandika kumi na saba amekosea. Huenda yote manne ya juu pia yameharibika na yeye hajui. Aliutazama ubao, kwenye ile mistari miwili ya chaki, kisha akazitazama nukta. Mstari ulipita kila mahali, bila kubagua. Nukta zilikaa palepale zilipowekwa, na kati ya nukta na nukta hapakuwa na kiti. Akatazama kitambaa kilichokuwa kwenye kona ya meza, mizunguko yake yote imefungwa, kila mmoja mzima.

Akaandika kwa Kiingereza chake cha herufi za kulala, kile alichojifunza hapa hapa kituoni: Hakuna safu hiyo. Safu ya kumi na sita ina viti tisini na nane, ya kumi na saba ina mia moja na nne. Mstari unapita kwenye mia moja, viti havipiti. Hakuna anayefuma theluthi ya mzunguko.

Aliinuka, akampa.

Muriuki alisahihisha kwa kalamu yake nyekundu, safari hii mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Alipofika la tano alikawia. Halafu akatia alama ya tano kwa tano, akachora duara, na darasa, ambalo halikuambiwa jambo lolote, likapiga makofi kwa sababu lilikuwa limeelewa.

Ilikuwa saa sita kasoro robo walipokwenda ofisini wote wawili, Vestine na kitambaa chake kwapani. Katibu, mama wa makamo mwenye sweta, alinyoosha mkono apokee majina ya wanaoshuka. Muriuki alimpa orodha, akabaki na ile karatasi moja ya Vestine mkononi, hajui aiweke wapi. Upande wake mmoja ulisema arudishwe chini. Upande wa pili ulikuwa umejaa hesabu mpaka pembeni.

"Hii iende wapi?" katibu aliuliza kwa Kiingereza.

"Abaki aljebra," alisema Muriuki. "Amepita."

"Kama amepita, mbona jina lake liko kwenye fomu ya kushuka? Na hapa kiwango chake cha kuanzia ni sifuri."

Vestine hakungoja ajibiwe kwa niaba. Alinyoosha mkono akaichomoa ile kalamu nyekundu vidoleni mwa mwalimu, akaigeuza karatasi upande wa jina lake, akaikata ile sifuri kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika nane.

Katibu alivaa miwani yake. Alisema viwango vya kituo vinaishia sita, na hiyo nane imetoka wapi?

"Ya Mama Générose," alisema Vestine. "Nilikuja nayo."

Muriuki alitafsiri kadiri alivyoweza. Kisha akaomba kalamu yake, akatia sahihi chini ya ile nane, na hakuirekebisha.